Kuingiza Nyuki Hai Australia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu nimeuandika kwa Waswahili wanaofuga nyuki Australia au wanaotaka kuanza, na kwa ndugu zetu wa nyumbani wanaopiga simu usiku wa manane kuuliza kama huku kuna soko la nyuki. Mimi ni mfugaji mdogo wa jimbo la Victoria, mzaliwa wa Sikonge, Tabora. Sina cheo serikalini wala si mwanasheria. Masharti hubadilika, kwa hiyo kabla hujatoa hata senti moja, hakikisha unasoma toleo la siku hiyo kwenye mfumo wa serikali unaoitwa BICON.

Je, sheria inaruhusu kuleta nyuki hai Australia?

Inaruhusu, lakini mlango ni mwembamba. Anayeingia ni malkia wa nyuki wa asali, akiwa ndani ya kizimba chake kidogo pamoja na vibarua wachache wa kumlisha njiani. Kundi zima haliingii. Boksi la nyuki wa kupimwa kwa kilo, kama wanavyouziana wafugaji wa Marekani kila masika, haliingii. Fremu yenye majana, yaani watoto wa nyuki ambao bado wamo kwenye masega, haiingii, hata iwe moja. Na huyo malkia mwenyewe, pamoja na vibali vyake vyote, hafiki kwako. Hilo nitalieleza mbele, maana ndipo watu wengi wanapokasirika.

Kwa nini malkia tu?

Fikiria kazi ya mkaguzi. Kundi lililoshiba lina nyuki elfu 40 hadi 60. Ndani yake kuna majana yaliyofunikwa kwa nta, na chini ya kile kifuniko ndipo utitiri wa Varroa unapozaliana bila kuonekana. Kuna asali na chavua zinazoweza kubeba vimelea. Hakuna binadamu anayeweza kulipekua kundi la namna hiyo akasema kwa kiapo kuwa ni safi. Malkia mmoja na vibarua wake wanaohesabika kwa vidole unaweza kuwakagua mmoja mmoja.

Halafu malkia ni mzigo mdogo wenye mali nyingi. Siku chache baada ya kutoka kwenye seli yake huruka akapandwa na madume hewani, mara nyingi zaidi ya kumi, kisha huhifadhi mbegu zao kwenye kifuko tumboni na kuzitumia kwa miaka. Ukimleta yeye umeleta na mababa wa watoto wake. Kwa mtu anayetafuta ukoo wa nyuki wapole, au wenye tabia ya kusafisha mzinga na kung'oa majana yenye utitiri, hicho ndicho anachokihitaji.

Kibali kinatolewa na nani?

Na Wizara ya Kilimo, Uvuvi na Misitu ya serikali kuu, chini ya Sheria ya Usalama wa Kibiolojia ya mwaka 2015. Serikali za majimbo hazina mamlaka ya kukuruhusu kuingiza nyuki kutoka ng'ambo. Kazi yao ni kusajili wafugaji na kusimamia magonjwa ndani ya mipaka yao. Nimeshaona mtu akiandikishwa kama mfugaji na jimbo lake, akapata namba ya mizinga, akadhani namba hiyo ndiyo ruhusa ya kuagiza malkia Ulaya. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Naanzia wapi?

Anza na nchi anakotoka malkia. Si kila nchi imekubaliwa, na ikiwa haimo kwenye masharti ya BICON, hapo hapo safari imeisha. Usipoteze hela kwa wakala anayekuambia "tutaongea nao". Nchi ikiwa imekubaliwa, omba kibali na uulize nafasi karantini kwa wakati mmoja. Nafasi ni chache na nyuki wana msimu wao, kwa hiyo mwenye kibali lakini hana nafasi ni sawa na asiye na kitu. Mfugaji wa kule aanze kuzalisha malkia baada ya kupata tarehe, asifanye kabla. Mwisho ndiyo panga ndege.

Kumbuka pia majira yamepinduka. Kule kaskazini wanazalisha malkia Mei na Juni, wakati Victoria tunavaa makoti na nyuki wamejikunyata ndani ya mzinga. Malkia anayefika kipindi hicho anahitaji kundi la kumpokea na madume wa kuwapanda binti zake, na vyote viwili ni haba.

Cheti cha afya kinapaswa kusema nini?

Kinatolewa na mamlaka ya mifugo ya serikali ya nchi anakotoka malkia. Barua ya chama cha wafugaji au ya muuzaji haitoshi, hata ikiwa na mihuri mitatu. Kwa ujumla cheti kinathibitisha kwamba makundi walikotoka nyuki yamekaguliwa, kwamba magonjwa na wadudu waliotajwa kwenye kibali hawapo, na kwamba vizimba na chakula cha njiani vimetayarishwa inavyotakiwa. Linganisha cheti na kibali neno kwa neno kabla mzigo haujaondoka. Tofauti ya tahajia kwenye jina la shamba inaweza kukwamisha mzigo, na malkia kizimbani hana wiki mbili za kusubiri watu waandikiane barua pepe.

Malkia husafirishwaje?

Kizimba chake kinaingia kwenye kiganja cha mkono. Upande mmoja kuna wavu, upande mwingine kuna tundu lililojazwa sukari ngumu iliyokandwa mpaka ikawa kama halua. Vibarua wanailamba ile sukari na kumlisha malkia mdomo kwa mdomo, maana malkia hana desturi ya kujilisha akiwa na watu wake. Vizimba hupangwa ndani ya boksi lenye matundu yaliyofunikwa kwa wavu mdogo. Ndege zina kanuni zake za kusafirisha wanyama hai, na wakala wa mizigo lazima azijue. Adui wakubwa njiani ni jua la uwanjani, na dawa ya kuua wadudu inayopulizwa karibu na boksi na mtu asiyejua kilichomo.

Akishatua, anapelekwa wapi?

Mickleham. Ni kitongoji cha kaskazini mwa Melbourne, mwendo mfupi kutoka uwanja wa ndege wa Tullamarine, na hapo ndipo kilipo kituo cha karantini cha serikali kilichofunguliwa mwaka 2015. Mbwa na paka wa wahamiaji hukaa hapo, farasi pia, na nyuki wana sehemu yao. Huruhusiwi kwenda kumchukua malkia uwanjani ukampeleka mwenyewe, wala kuomba karantini ifanyikie shambani kwako.

Kinachofanyika humo ndani ni hivi. Kizimba hufunguliwa mahali ambapo nyuki hana pa kutokea. Malkia hutolewa na kutengwa, vibarua aliosafiri nao huuawa wote. Wakishauawa wanakaguliwa nje kwa utitiri wa kushikilia mwilini, kisha ndani. Kuna utitiri mmoja, Acarapis woodi, unaoishi kwenye mirija ya hewa kifuani mwa nyuki, mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni. Ili kuutafuta, mtaalamu hukata kichwa cha nyuki, kisha hukata kipande chembamba cha kifua kama anayekata bangili, na kukiweka chini ya hadubini. Mrija wa nyuki mzima huwa mweupe wa maziwa na laini. Wa nyuki mwenye utitiri huwa na mabaka ya kahawia, na ukikaa sana huwa mweusi. Vibarua wale wametoa uhai wao kuwa ushahidi wa afya ya malkia wao.

Malkia naye huingizwa kwenye kundi dogo la nyuki wa Australia lililowekwa humo humo karantini, wanaoruka ndani ya uzio wa wavu tu. Wakimkubali, anataga. Yai hukaa siku tatu likaanguliwa. Mabuu wakiwa hawajatimiza siku moja huokotwa kwa kijiti chenye ncha nyembamba, na kuwekwa kwenye vikombe vidogo vinavyotundikwa ndani ya kundi lisilo na malkia. Nyuki wa kundi hilo huwalisha maziwa ya nyuki mfululizo, na siku ya 16 tangu yai litagwe hutoka malkia mpya. Huyo, baada ya ukaguzi kukamilika na kundi kuonekana safi, ndiye anayeachiwa.

Na malkia wangu niliyemnunua?

Hatoki. Kazi yake ikiisha anauawa humo humo.

Najua inauma. Umelipa bei ya malkia wa kuzalishia, ndege, kibali, karantini, halafu unakabidhiwa mabinti. Lakini soma tena maelezo ya hapo juu uone ujanja wake: kilichovuka mpaka ni ukoo, na mwili ulioubeba ukabaki nyuma ya wavu. Buu wa saa chache aliyehamishiwa kwenye kikombe kipya hana utitiri mgongoni, hana spora (chembe za ugonjwa) miguuni, hajawahi kugusa asali ya ng'ambo. Virusi vingine huweza kupita hata kwenye yai, ndiyo sababu nchi alikotoka huchujwa kwanza na kundi karantini huangaliwa kwa muda kabla ya kutoa ruhusa.

Kwa upande wa damu hujapoteza kitu. Binti hao mama yao ni yule yule na baba zao ni madume wa kule kule, kwa sababu malkia alifika akiwa ameshapandwa. Damu itaanza kuchanganyika wao watakaporuka kupandwa na madume wa Australia. Ukitaka ibaki nzito, utahitaji kuwapandisha kwa kifaa chini ya hadubini au kuwa na kituo cha mbali kisicho na nyuki wengine. Hapo ndipo wafugaji wadogo kama mimi tunapoacha mchezo.

Wanaogopa nini hasa?

Kwa miongo mingi Australia ilikuwa bara kubwa la mwisho linalofuga nyuki bila utitiri wa Varroa destructor. Tarehe 22 Juni 2022 ukaonekana kwenye mizinga ya doria katika bandari ya Newcastle, New South Wales. Mizinga ya doria ni makundi yanayowekwa makusudi karibu na bandari na kuchunguzwa kila mara, ili mgeni akishuka melini aonekane mapema. Serikali ilitangaza kung'oa: mizinga yote ndani ya kilomita 10 za mahali ulipoonekana ikauawa, na nyuki wa porini wakawekewa chambo cha sumu. Watu waliolea makundi kwa miaka 20 walitazama yakifungwa jioni na kumwagiwa petroli. Mwezi Septemba 2023 wakakubali kwamba hauwezi kung'oka tena, na kazi ikawa kuishi nao.

Anayefuata kwenye orodha ya hofu ni Tropilaelaps, utitiri wa Asia unaozaliana haraka kuliko Varroa. Umeshatoka Asia ya kitropiki na mwaka 2024 ulithibitishwa Georgia, kwenye mlango wa Ulaya. Yupo Acarapis niliyemtaja, ambaye Australia haina. Vipo virusi vinavyobebwa na utitiri, hasa kile cha kukunja mabawa. Na wapo nyuki wenyewe kama wadudu waharibifu: nyuki wa Asia, nyuki wa Rasi ya Afrika Kusini, na nyuki wetu wa Afrika Mashariki.

Varroa imeshaingia. Kwa nini bado wanabana?

Swali zuri, na wafugaji wa hapa nao wanalipigia kelele. Kwanza, Varroa si mmoja. Mwaka 2016 jamaa yake, Varroa jacobsoni, alipatikana Townsville juu ya nyuki wa Asia, akafuatiliwa mpaka akaisha. Pili, utitiri ulioingia Newcastle haukuja na virusi vyote vilivyozoea kusafiri nao. Malkia mmoja wa magendo kutoka nchi yenye virusi hivyo anaweza kukamilisha kazi ambayo utitiri peke yake haukuimaliza. Tatu, kuvuja kwa paa upande mmoja hakukufanyi ung'oe mabati yaliyobaki.

Kinyume chake, Varroa imeongeza hamu ya kuleta malkia. Watu wanataka koo zilizozoea kupigana na utitiri, na koo hizo zimelelewa nchi zilizoishi nao miaka 30 au 40.

Naweza kuleta nyuki wa kwetu, wa Tabora au Kitui?

Hapana. Hili nalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi kwa sauti ya mtu aliyetukanwa.

Nyuki wetu wa bara, scutellata, ni mchapakazi. Anavumilia joto, anahama njaa ikija, anazaa makundi mengi, na anapambana na Varroa bila dawa. Mjomba wangu Sikonge amekwea miti ya miombo kutundika mizinga ya magome tangu kabla sijazaliwa, na hajawahi kusikia habari ya dawa ya utitiri. Lakini nyuki huyo huyo analinda nyumba yake kwa hasira ambayo kitongoji cha Melbourne, chenye mizinga nyuma ya nyumba na watoto wa jirani upande wa pili wa uzio, hakiwezi kuivumilia.

Na historia ipo. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia Afrika Kusini na Tanganyika, ikiwemo Tabora, akawapeleka jimbo la São Paulo. Nia yake ilikuwa kupata nyuki wa kuchanganya na wale wa Ulaya, ambao joto la Brazil liliwashinda. Mwaka 1957, karibu na Rio Claro, vizuizi vya malkia vilivyokuwa milangoni mwa mizinga viliondolewa, na makundi 26 yakatoroka. Yalizaana, yakapandana na nyuki wa huko, yakasonga kaskazini mwaka hadi mwaka. Oktoba 1990 yalifika Hidalgo, Texas. Watu na mifugo walikufa njiani. Wabrazil baadaye walijifunza kuwafuga na leo wengi wao hawataki kurudi kwa nyuki wa zamani, lakini hakuna nchi inayotaka kupitia miaka ile ya kujifunza.

Nyuki wa Rasi, capensis, ni kisa cha pili na kwangu kinatisha zaidi, kwa sababu hakuvuka hata mpaka wa nchi. Mwaka 1990 wafugaji wa Afrika Kusini walisafirisha makundi ya nyuki hao kutoka kusini kwenda kaskazini mwa nchi yao, kwenye eneo la scutellata. Kibarua wa capensis ana uwezo wa ajabu: hutaga mayai yanayotoa majike bila kupandwa na dume. Vibarua wakaingia kwenye mizinga ya scutellata, wakataga, watoto wao wakala bila kufanya kazi, malkia mwenyeji akatoweka, kundi likafa, wao wakahamia kwa jirani. Maelfu ya makundi yalikwisha kwa njia hiyo, na wavamizi hao walikuwa uzao wa kibarua mmoja.

Kisha kuna mende mdogo wa mzinga. Kwetu ni mdudu wa kawaida tu. Nyuki wetu humfukuza, humzingira pembeni kwa gundi yao, na kundi likizidiwa huhama. Mwaka 2002 aligunduliwa karibu na Sydney, na huku, kwenye makundi ya nyuki wapole wa Ulaya wasiomjua, mabuu yake hugeuza masega kuwa uji unaonuka kama machungwa yaliyooza. Mwaka 2004 Ureno ilimkuta kwenye malkia walioagizwa kutoka Texas, ikateketeza mzigo na makundi yaliyoupokea. Hao walikuwa malkia vizimbani, wenye karatasi zao. Ndiyo maana kila kizimba kinapekuliwa.

Vipi nyuki wasiouma, au nyuki bambi wa kuchavusha nyanya?

Maelezo ya ukurasa huu ni ya nyuki wa asali tu. Nyuki bambi wakubwa wenye manyoya wapo Tasmania tangu 1992, bara hawapo na hawatakiwi, na wakulima wa nyanya wamewaomba kwa miaka bila mafanikio. Wasiouma Australia inao wa kwake, wazuri sana. Nunua kundi la hapa.

Naweza kuleta mzinga uliotumika, masega au nta?

Mzinga uliotumika usiuguse. Ugonjwa wa kuoza kwa majana, ule wa aina ya Marekani, huacha spora zinazoweza kuishi kwenye mbao kwa zaidi ya miaka 30. Australia inao ugonjwa huo tayari, na ukipatikana kwenye mizinga yako hapa utatakiwa kutoa taarifa. Njia ya kawaida ni kuua kundi na kuchoma, au kupeleka mbao kupigwa mionzi. Nta na mazao mengine ya nyuki yana masharti yake kwenye BICON kulingana na matumizi. Vifaa vipya havina shida kubwa. Ovaroli na glovu ulizovaa kwenye mizinga ya nyumbani zitaje kwenye fomu ya abiria hata kama umezifua.

Na chupa ya asali kwenye begi?

Itaje kwenye fomu. Ofisa ataitazama na kuamua. Kutokutaja ndiko kunakoleta faini.

Jihadhari na safari za ndani. Western Australia hairuhusu abiria kuingia na asali kutoka majimbo mengine. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshatua Perth, nikiwa na asali ya Sikonge ambayo mama aliifunga kwa nailoni tatu na mpira wa kukatia manati. Ilipita ukaguzi wa kuingia Australia, ikakaa kabatini Victoria mwaka mzima, ikaishia kwenye pipa la Perth. Kijana aliyeipokea alikuwa mpole, akaniuliza ni maua gani. Nikamwambia mininga na mitundu. Akaitupa.

Kisiwa cha Kangaroo, South Australia, nacho ni hivyo hivyo. Tangu 1885 ni hifadhi ya nyuki wa Liguria kutoka Italia, na huruhusiwi kuingia kisiwani na nyuki, asali wala vifaa vilivyotumika.

Nimeona kundi la nyuki kwenye kontena au mashua. Nifanye nini?

Usiwachukue, hata kama una mzinga mtupu nyumbani unaosubiri. Mwaka 2007 huko Cairns kundi la nyuki wa Asia lilikutwa ndani ya mlingoti wa mashua iliyopandishwa nchi kavu. Miaka minne baadaye serikali ilikiri kwamba hawang'oki tena, na hadi leo wapo Queensland. Piga 1800 084 881, simu ya bure ya kuripoti wadudu wa kigeni. Piga picha ukiwa mbali, usiwafukize wala kuwapulizia dawa, na ukiweza zuia kontena lisihamishwe.

Kuna mtu anasema malkia hupita mfukoni bila tatizo.

Kizimba kinaingia kwenye mfuko wa shati, hilo ni kweli. Ni kosa la jinai chini ya Sheria ya 2015, lenye faini kubwa na kifungo, na kwa asiye raia linagusa viza. Zaidi ya hapo, fikiria jirani yako mwenye mizinga 400 anayelipia shule ya watoto kwa kuipeleka kwenye mashamba ya lozi kila Agosti. Ukimwambukiza utakutana naye kwenye mkutano wa chama.

Kwa maoni yako, inafaa kuhangaika?

Ikiwa una mizinga chini ya mia moja, hapana. Nunua malkia kwa mzalishaji wa Australia. Atakufikia kwa posta ndani ya siku mbili, bei ni ndogo, na kuna wazalishaji wanaochagua koo zinazostahimili utitiri. Kuingiza kutoka ng'ambo ni kazi ya mzalishaji mkubwa wa malkia, au ya wafugaji kadhaa waliochanga na kukubaliana mapema nani atapata binti wangapi. Makubaliano hayo yaandikeni. Nimeona undugu ukivunjika kwa sababu ya malkia watano.

Na nikitaka kupeleka malkia wa Australia nyumbani Tanzania au Kenya?

Huko nako hakuna mlango wazi. Utahitaji kibali cha kuingiza kutoka mamlaka za nchi husika kabla mzigo haujaondoka, na Tanzania ina Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Mimi nakushauri uache. Varroa ilithibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2009 na nyuki wetu wameishi nayo bila makundi kuanguka kama Ulaya. Nyuki wa Liguria anayetegemea dawa hatadumu porini Sikonge. Binti zake watapandwa na madume wa scutellata siku ya kwanza watakayoruka, na kizazi cha tatu hutamwona tena. Kitakachobaki ni ugonjwa aliokuja nao, kama alikuja nao.

Nimeshanunua malkia mtandaoni na muuzaji anasema yuko njiani. Hakuna aliyeniambia habari ya kibali.

Piga simu wizarani leo, kabla kifurushi hakijafika. Kikikufikia mlangoni, usikifungue hata ukisikia sauti ndani. Kitie kwenye mfuko mzima wa plastiki, funga, kiweke mbali na mizinga yako, na usiende kwenye mizinga hiyo ukiwa na nguo ulizokishikia. Malkia anaweza kufa humo, mwache. Anayejitokeza mwenyewe hutazamwa tofauti na anayekamatwa. Ukipiga simu uwe na namba ya kifurushi, risiti, na jina la muuzaji kama lilivyoandikwa kwenye tovuti yake.